Chumba cha Mtu Mmoja

Maji ya bomba yalikatika kabla Nzisa hajamaliza kuosha miguu. Mfereji ulikoroma, ukatoa hewa, ukanyamaza. Mamake, Kavindu, aliinua mtungi wa jana, akautikisa kusikiliza kilichobaki, akaurudisha chini kando ya jiko.

"Haya ni ya kupika," akasema. "Jifute na kitambaa uende."

"Wa mkokoteni wa maji hajapita?"

"Amepita. Ameongeza bei tena. Nimemwambia arudi jioni, labda huruma itakuwa imemshika."

Chumba chao kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya mabati iliyoshuka hadi ukingo wa kijito, mahali ambapo mji wa Machakos humwaga maji yake machafu na kuyasahau. Watu walipaita Mtaroni. Ndani kulikuwa na kitanda, godoro la sponji lililosimamishwa ukutani mchana, jiko la makaa, na kamba iliyokatiza chumba, nguo za mama upande mmoja na za binti upande wa pili.

"Leo siendi kufua," Kavindu alisema. "Kitheka amepita akigonga kila mlango. Watu wa mradi wanakuja. Kila mtu akae kwa mlango yake. Ukikosekana, hauhesabiwi."

Kitheka alikuwa keyateka wa ploti, msimamizi wa vyumba hivyo. Alipokusanya kodi alikuwa mkali, lakini kwa mambo ya serikali na miradi alikuwa mwoga kama wapangaji wenyewe.

"Na kule juu unakofulia umewaambia?"

"Nimewaambia. Yule mama amesema ni sawa, lakini nisizoee."

Nzisa alivaa patipati, akatia viatu vyake vyeusi ndani ya begi, akapanda kwenye kijia cha matope akishika mabati ya majirani ili asiteleze. Alipofika kwenye lami, nyuma ya kituo cha petroli, alibadilisha. Patipati alizikunja ndani ya gazeti. Alikuwa akifanya hivyo tangu siku ya kwanza chuoni, siku ambayo msichana mmoja alimuuliza anakaa wapi naye akajibu bila kufikiri, "Kwa mjomba, karibu na klabu ya gofu." Hakuwa na mjomba huko. Alikuwa na nyumba moja anayoijua kwa sababu utotoni, shule zikifungwa, mamake alikuwa akienda naye kufua na kumketisha nyuma ya jikoni. Baadaye, chuo kilipotaka anwani ya kila mwanafunzi, alijikuta ameandika uongo uleule.

Darasa lilikuwa limekusanyika langoni. Dakta Muthoka, aliyewafundisha maendeleo ya jamii, alikuwa amevaa kofia ya jua na raba. Alikuwa mtu mwema, wa kusikiliza, na wanafunzi walimpenda kwa sababu hakusoma kutoka kwenye karatasi.

"Leo darasa letu ni barabara," aliwaambia. "Mji haujulikani kwa kusomewa. Mji unajulikana kwa miguu. Tutaanzia juu, tushuke mpaka chini kabisa. Angalieni maji, angalieni miti, angalieni nani anatembea na nani anaendeshwa. Chini tutawasaidia watu wa mradi fulani kuuliza maswali, kwa hivyo kila mtu awe na simu yenye chaji."

Aliwagawia makoti ya kung'aa na barakoa. Mmoja wao akauliza barakoa ni za nini.

"Mtajua tukifika," Dakta alisema.

Walianzia upande wa klabu ya gofu. Nyua za michongoma zilikuwa zimekatwa sawasawa kama nywele zilizotoka kwa kinyozi, na nyuma yake zilionekana paa za vigae na matanki makubwa meusi juu ya minara ya chuma. Mbele ya nyumba moja mpira wa maji ulikuwa ukizunguka wenyewe juu ya nyasi, ukirusha maji hadi njiani, na wanafunzi walicheka wakirukaruka wasilowe. Nzisa hakuruka. Maji yalimpata begani na alihisi jinsi yalivyo safi.

"Si huku ndiko kwenu?" Sucdi alimuuliza.

Sucdi alikuwa rafiki yake wa darasani, binti wa mfanyabiashara mjini. Walikuwa wakikaa dawati moja tangu mwanzo na kugawana chapati.

"Mbele kidogo," Nzisa alisema.

Na mbele kidogo lango la kijani lilikuwa wazi. Askari wa pale, mzee aliyekuwa akimpa Nzisa mkate zamani, alikuwa akifagia majani. Alimtambua papo hapo.

"Nzisa. Umekua hivi? Mama leo ameshindwaje kuja?"

"Yuko salama," Nzisa alisema, akiendelea kutembea.

"Mwambie nguo zimejaa."

Wanafunzi walisikia. Kiema, kijana mwenye mdomo mwepesi, alifuata nyuma akitabasamu. "Manze, hata soldja wenu ni mpole. Wetu ungedhani nyumba ni yake."

Nzisa angeweza kusema neno moja hapo. Alicheka badala yake. Alihisi amemwibia yule mzee kitu, na mamake pia, mchana kweupe.

Waliteremka kuingia mjini. Kwenye barabara ya Mwatu wa Ngoma Dakta aliwaonyesha jinsi duka lenye vioo linavyopakana na mwanamke aliyetandaza nyanya juu ya gunia, na jinsi mwanamke yule alivyolikunja gunia haraka alipowaona na makoti yao ya kung'aa.

"Mnaona," Dakta alisema kwa huzuni. "Ametuona sisi, akaona kanjo, askari wa kaunti."

Mwanamke alipogundua ni wanafunzi, aliwatukana kwa Kikamba, taratibu, akaanza kupanga nyanya upya.

Nje ya duka la magodoro alikuwa amesimama mzee mwenye ndevu za hina. Sucdi alimpungia mkono. "Huyo ni baba," aliwaambia wenzake. Mzee huyo, Abdilatif, aliwaita wote, akatuma thermosi ya chai ya maziwa na vikombe. Sucdi, akigawa chai, aliwasimulia kwamba walipofika Machakos baba yake aliuza mbuzi sokoni, na walilala nyuma ya stoo, wote, juu ya magunia. "Panya walikuwa wanatujua kwa majina," alisema, na darasa likacheka, na baba yake pia akacheka.

Nzisa alimtazama jinsi alivyoyasema kama mtu anayesimulia mvua ya jana. Chai ilimchoma ulimi. Alijiambia kwamba kwa Sucdi ni rahisi, kwa sababu yale yamepita.

"Sasa," Dakta alisema wakirudisha vikombe, "tunashuka Mtaroni. Vaeni barakoa."

Miguu ya Nzisa ilijua njia na ikakataa. Alifikiria kusema anaumwa na tumbo. Alifikiria kuinama afunge kamba za viatu mpaka wote watoweke, lakini viatu vyake havikuwa na kamba. Alivuta barakoa hadi chini ya macho, akaangusha mtandio wake usoni, na kushuka katikati ya kundi, akikanyaga matope yaleyale aliyoyakwepa asubuhi.

Bwana Mutunga wa mradi alikuwa akiwangoja kando ya kijito, shati limechomekwa vizuri, kibandiko cha jina kifuani. Kitheka alikuwa nyuma yake akishika mwavuli ambao hakuna aliyeuhitaji. Mutunga alieleza kwa kifupi. Mtaro utapanuliwa, barabara ipite. Kabla ya hapo wanataka kujua nani anakaa wapi. Wanafunzi waende wawili wawili, mmoja aulize, mwingine abonyeze majibu kwenye simu.

"Wewe na Sucdi," Dakta alimwambia Nzisa, "chukueni safu hii."

"Dakta, tunaweza kubadilishana na akina Kiema?"

"Kwa nini?"

"Basi tu," alisema, na Dakta alikuwa tayari amegeukia wengine.

Walianza juu. Milangoni watu walikuwa wamekaa kama walivyoagizwa, wamenyoosha nguo, wengine wamevaa za kanisani. Mama Kamanthe, jirani wa milango miwili kutoka kwao, aliinua macho na kumtazama Nzisa. Mdomo wake ulifunguka. Kisha aliangalia lile koti, akaangalia barakoa, akafunga mdomo na kujibu maswali ya Sucdi huku akitazama chini. Kwa Nzisa hakusema lolote, na adabu ile ilimuumiza kuliko kama angemwita kwa sauti.

Kavindu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Alikuwa amejifunga leso safi na kujipaka mafuta mikononi, lakini mafuta hayakuficha vidole vilivyobabuka kwa sabuni. Aliona viatu kwanza. Nzisa aliona macho ya mamake yakipanda kutoka kwenye viatu hadi kwenye koti, hadi kwenye kile kipande cha uso kilichobaki wazi.

"Hujambo mama," Sucdi alisema. "Sisi ni wanafunzi. Tunaweza kukuuliza maswali machache?"

"Ulizeni tu. Karibuni ndani, hapa nje ni joto."

Kavindu aliingia kwanza, akaketi kitandani. Sucdi alisimama katikati kwa sababu hapakuwa na pengine pa kusimama. Nzisa alibaki kizingitini, simu mkononi.

Sucdi aliuliza kuhusu maji, Kavindu akajibu. Akauliza kuhusu choo, akajibu. Akauliza kazi.

"Nafulia watu. Kule juu."

"Na hapa mnaishi watu wangapi?"

Kavindu alikaza leso yake. Alimtazama Nzisa, si Sucdi. Alimtazama kwa muda, kama mtu aliyesimama na mlango wazi mkononi akingoja mgeni aamue kama anaingia. Juu ya kichwa chake gauni la manjano la Nzisa lilining'inia kwenye kamba. Chini ya kitanda vitabu vya chuo vilikuwa vimefunikwa na kanga, na kanga ilikuwa fupi.

Nzisa alitazama simu.

"Niko peke yangu," Kavindu alisema.

"Huna watoto?"

"Niko peke yangu, mama. Andikeni hivyo."

Kidole cha Nzisa kilibonyeza moja. Kikabonyeza tuma. Simu ikalia kidogo, sauti nzuri ya kuthibitisha.

Sucdi alishukuru. Wakitoka aliangalia mara moja chini ya kitanda, kisha akamwangalia Nzisa.

Chuo kilikuwa kimeazima ukumbi wa kanisa kwa majumuisho. Kulikuwa na soda na mandazi. Kitheka hakualikwa. Mutunga alishukuru wanafunzi kwa kazi nzuri, akawaambia kwamba majibu yote yameshafika ofisini na wapaka rangi wako njiani tayari. Kila mlango utaandikwa nambari ya watu wake. Milango yenye familia itapewa vyumba kwenye nyumba mpya upande wa pili wa kijito. Wanaoishi peke yao watasaidiwa nauli.

"Nauli ya wapi?" Sucdi aliuliza.

"Ya nyumbani. Kila mtu ana nyumbani kwao. Masii, Kangundo, kokote."

Kavindu alizaliwa Masii, ni kweli. Shamba liligawanywa na kaka zake baba alipokufa, na nyumba aliyokuwa akifikia iliangushwa. Nzisa alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Dakta aliomba kila mmoja aseme kitu alichokiona. Walisema mambo ya busara. Mmoja alisema maji hushuka lakini haki haishuki nayo, na Dakta akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Ikafika zamu ya Kiema.

"Mimi nimeona wamezoea," Kiema alisema. "Sisemi vibaya. Tulipita kwa yule mama wa mwisho tukirudi, yule anakaa pekee yake. Alikuwa ameketi tu ametulia. Ingekuwa mimi, ningelia."

"Ni mama yangu," Nzisa alisema.

Alikuwa hajasimama. Aliyasema akitazama andazi lake, na alidhani labda hakuna aliyesikia. Kisha aliona kwamba wote walikuwa wamesikia. Hakuna aliyecheka. Walimtazama kwa upole, na upole wao ulimpanda usoni kama moto, kwa sababu ulikuwa upole uleule waliokuwa nao Mtaroni.

"Mimi naishi pale," alisema. "Tuko wawili. Nilibonyeza vibaya."

Mutunga aliweka soda yake mezani. "Mama mwenyewe alisema wako wangapi?"

"Alisema yuko peke yake. Alisema hivyo kwa sababu yangu."

"Sasa dada, mimi nifuate yupi? Mwenye nyumba, ama wewe?"

"Mimi nilikuwa pale," Sucdi alisema. "Niliona nguo zake. Niliona vitabu. Mimi ni shahidi."

"Shahidi ni wa mahakamani," Mutunga alisema, bila ubaya. Alimgeukia Dakta. "Chuo kinasema anakaa wapi?"

Dakta Muthoka alivua miwani na kuifuta. Ilionekana wazi kwamba angependa kuwa mahali pengine. "Nzisa, kwenye rekodi zetu uko kule karibu na klabu ya gofu."

"Nilidanganya."

"Naelewa," Dakta alisema. Alielewa kweli, na hakuwa na la kufanya na kule kuelewa.

Mutunga alieleza njia. Mama aende kwa chifu na kitambulisho, chifu aandike barua kwamba anamjua binti, barua iletwe ofisini, ofisi iangalie. Chifu yuko semina. Kama si hivyo, wangoje awamu ya pili.

"Iko awamu ya pili?"

"Tunaomba iwepo," Mutunga alisema, akachukua soda yake.

Nzisa alitoka. Nyuma yake alisikia Dakta akimwita kwa sauti ya chini, kisha hakuita tena. Alipita mbele ya kanisa, akakata kwenye stendi ya boda boda, akapita mwanamke wa nyanya. Nyuma ya kituo cha petroli hakusimama. Alishuka kwenye matope na viatu vyake vyeusi.

Wapaka rangi walikuwa wameshafika katikati ya safu. Walikuwa vijana wawili, mmoja na kopo la rangi nyekundu, mwingine na brashi. Watu walisimama nje wakitazama nambari zao zikikauka, kama watu wanaotazama matokeo ya mtihani.

Kavindu alikuwa ndani, anakata majani ya sukuma. Hakugeuka.

"Mwaitu," Nzisa alisema, akimwita mama kwa Kikamba kama tangu utoto. "Kwa nini ulisema uko peke yako?"

"Wewe ulikuwa hapo. Ungenirekebisha."

"Ulikuwa unanisaidia."

"Hapana." Kisu kilisimama. "Usinipake hiyo mafuta. Nilinyamaza nikakungoja. Nilikuangalia, nikasema moyoni, sasa atatoa hiyo kitambaa kwa mdomo. Ukaangalia simu. Basi nikajibu vile ulikuwa unataka."

Nzisa aliegemea ukuta wa bati. Alikuwa ametembea na kisa kingine njia yote, kisa cha mama anayejitolea, na hicho kingekuwa rahisi kukililia.

"Nimewaambia," alisema mwishowe. "Wote. Kule kanisani."

"Na wamesemaje?"

"Twende kwa chifu. Hayuko."

Kavindu alirudia kukata sukuma. "Mimi si mtoto. Najua nafanya kazi gani na najua inanuka nini. Lakini sijawahi kukuficha kwa mtu. Hata kule juu nikifua nasema, binti yangu ako chuo."

Kivuli cha kijana wa brashi kiliziba mlango. "Mama, tunaomba kuandika."

Nzisa alitoka na kusimama kizingitini. Alikuwa bado amevaa koti la kung'aa, na kijana alidhani ni mmoja wa wakubwa wake.

"Sawa hapa, madam? Hapa ni moja."

"Hapa si moja. Mimi naishi hapa."

Kijana aliangalia simu yake, akamwonyesha mwenzake. "Imeandikwa moja. Sisi ni wa rangi tu, siste. Si sisi tunahesabu watu."

"Najua."

"Basi sogea kidogo tupake. Iko milango mingine."

Nzisa alivua koti, akaliweka chini, akaketi kizingitini, mgongo umeegemea fremu moja na miguu yenye matope imekanyaga nyingine. Mlango ulikuwa umefunguka ndani nyuma yake na hawangeweza kuufikia bila kumruka. Mama Kamanthe alisogea karibu. Wengine walisogea. Kitheka alitokea kutoka mbele ya safu, akaona, akasema, "Nzisa, usituletee shida," lakini alilisema kutoka mbali na hakukaribia zaidi.

Wale vijana walishauriana. Walikuwa wachovu, na jua lilikuwa linainamia vilima vya Iveti. Mwenye brashi alizunguka pembeni mwa mlango, akachagua bati la ukuta lililokuwa laini, akaandika pale. Rangi ilichuruzika. Ilikuwa moja kubwa, nyekundu, na iliweza kuonekana toka barabarani.

"Samahani," alimwambia Nzisa, na ilisikika kama anamaanisha. Wakaenda.

Hakuna aliyetawanyika mara moja. Nzisa alibaki ameketi, macho chini, akihisi kila mtu wa Mtaroni akimtazama, watu waliomwona kila asubuhi akipanda na begi na kila jioni akirudi na patipati, na waliokuwa wamenyamaza miaka yote hiyo.

Ndani, sufuria iligonga jiko.

"Nzisa," Kavindu aliita, kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji, ikawafikia majirani, ikamfikia Kitheka, ikawafikia wale vijana ambao walikuwa wameinamia mlango wa safu inayofuata. "Nzisa wa Kavindu. Wa mkokoteni anapita. Chukua mtungi umkimbilie."